Ripoti za Serikali na Mti Uliokufa Shambani

Katika mkutano wetu wa msimu uliopita mzee mmoja, mwanachama wa siku nyingi, alisimama na tawi kavu la mkarafuu mkononi. Alisema kwamba wiki chache nyuma mti huo ulikuwa kijani kitupu, na sasa majani yake yote yamegeuka rangi ya kahawia, yangali yamening'inia matawini. Kisha akauliza: "Wanangu, tangu nimepata akili zangu nasikia serikali inafanya utafiti. Wazungu walikuja wakaenda. Vijana wetu waliosoma nao wamekuja na vitabu vyao. Haya, karatasi hizo zimechuma karafuu ngapi?"

Watu walicheka, lakini hakuna aliyemjibu. Nasi twaona si jambo jema swali kama hilo likakosa jibu katika chama cha wakulima. Basi ukurasa huu twautoa kwa ajili ya mzee wetu, na kwa ajili yetu sote, maana karatasi hizo zililipiwa kwa fedha za umma, na katika visiwa hivi fedha za umma kwa miaka mingi zimetoka katika karafuu. Aliyelipa ana haki ya kujua alichonunua.

ASILI YA RIPOTI HIZI

Wengi wetu twajua ya kuwa dhoruba kubwa ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na kwamba Pemba ilisalimika zaidi. Baada ya hapo mashamba yalipandwa upya. Miti iliyopandwa wakati mmoja huzeeka wakati mmoja, na ilipofika miaka ya 1930 serikali ya siku zile ilianza kuingiwa na wasiwasi. Mwaka 1932 ilitolewa ripoti juu ya ukulima wa karafuu, iliyoandikwa na R. S. Troup, profesa wa elimu ya misitu katika Chuo Kikuu cha Oxford. Mwaka 1949 G. E. Tidbury akatoa kitabu kizima juu ya mkarafuu. Vyote viwili viliandikwa kwa Kiingereza. Mwenye shamba aliyeulizwa maswali, akaonyesha miti yake na kumpa mgeni dafu la kunywa, hakuweza kusoma yaliyoandikwa juu ya shamba lake mwenyewe.

Hilo ndilo kosa la kwanza, na bado halijafutika. Sisi wenyewe tulipotafuta ripoti moja ya zamani katika ofisi fulani, tuliambiwa kwamba imo ndani ya kabati, na mwenye ufunguo hayupo.

UGONJWA WA KUFA GHAFLA

Sasa tuje kwenye tawi la mzee. Ugonjwa ulioua mti wake haukuanza jana. Uliwatia hofu wakulima wa Unguja kwa miaka mingi, na baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ilitoa fedha ili wataalamu waletwe kuuchunguza. Walioongoza kazi hiyo walikuwa Bwana F. J. Nutman na Bibi F. M. L. Sheffield, na taarifa yao ya kwanza ilichapishwa mwaka 1949.

Hawakuanza na dawa. Walianza kwa kuhesabu. Walitazama mti gani umekufa, upi umefuata, na upi jirani yake umebaki. Kwa njia hiyo walitambua kwamba mauti hayo hayaruki ovyo ovyo shambani, bali huanza mahali pamoja kisha yakatambaa kutoka mti hadi mti. Walitambua pia ya kuwa yanashika hasa miti mikubwa iliyokwisha kukomaa. Walipofukua wakaona kwamba mizizi myembamba, ile inayonyonya maji, hufa kwanza, kabla mwenye shamba hajaona lolote juu. Kwa hiyo neno "ghafla" ni la macho yetu tu. Mti huwa umeanza kuumwa chini ya ardhi zamani, na siku majani yanaponyauka ndiyo siku ya mwisho ya safari, si ya mwanzo.

Mwaka 1953 Nutman na mwenziwe F. M. Roberts walitangaza kwamba wameona kuvu katika miti hiyo, wakalipa jina Valsa eugeniae, na wakalihusisha na ugonjwa huo. Dawa ya kuponya mti uliokwisha kunyauka haikupatikana. Twalisema hili wazi, maana kila msimu hupita watu mashambani wakiuza maji ya rangi ndani ya chupa na kuapa kwamba yanafufua mikarafuu. Mwanachama atakayetoa fedha yake huko, ajue amenunua rangi.

Jambo jingine walilolieleza latuhusu sana wakati wa kupanda. Mche unaopandwa mahali ulipokufa mti kwa ugonjwa huu huweza kudhoofika pole pole, ukadumaa, na mwisho ukafa. Wataalamu waliuita huo udhoofu wa taratibu. Wangapi kati yetu wamepanda mche katika shimo la mti uliokufa, ulipokufa wakalaumu kitalu, wakapanda tena, na tena? Mzee wetu mwenyewe alituambia kwamba amepanda mara tatu shimo moja. Kama maneno hayo yangalitafsiriwa na kusomwa barazani tangu zamani, pengine angaliokoa miche miwili na jasho la miaka.

JERAHA LA NGOWE

Wakati ule ule Nutman na Roberts walichunguza ugonjwa mwingine, ule wa matawi kukauka kuanzia nchani na kurudi nyuma kuelekea shina. Taarifa yao ilitoka mwaka 1952. Waliona kwamba kuvu jingine, Cryptosporella eugeniae, huingia kwa njia ya majeraha, kisha hushuka na tawi likiua mbao njiani.

Hapa twaomba kila mwanachama asimame kidogo afikiri. Majeraha ya mkarafuu yatoka wapi? Mengi yatoka kwetu. Mchumaji mwenye haraka huvuta tawi kwa ngowe mpaka likalia, halafu huliacha limepasuka. Mwingine hulivunja kabisa, akashuka nalo chini ili achume kwa raha. Karafuu za leo ameziweka kikapuni, na mlango wa ugonjwa ameuacha wazi.

Tiba yake yajulikana, wala haihitaji fedha. Tawi linaloanza kukauka likatwe chini ya mahali palipokufa, ndani ya mbao iliyo nzima, na lililokatwa lichomwe moto lisiachwe chini ya mti. Na katika kupatana na wachumaji, mwenye shamba aseme tangu mwanzo kwamba tawi lililovunjwa ni hasara ya wote wawili. Basi hizo ndizo karafuu zilizochumwa na karatasi, mzee wetu. Zinachumwa kila tawi linapookolewa.

WATAALAMU WARUDI TENA

Elimu haina siku ya kufunga daftari. Katika miaka ya 1980 wataalamu walirudi kuutazama upya ugonjwa wa kufa ghafla. Walitaka kujua kama huenda unaletwa na viumbe vidogo sana vya jamii ya maikoplasma, ambavyo huua mimea mingine. Waliitia miti dawa ya tetrasaiklini na kutazama vipande vyake kwa hadubini, na taarifa yao ya mwaka 1987 ikasema kwamba viumbe hivyo havihusiki.

Mtu aweza kusema kwamba hiyo ni fedha iliyopotea, maana jibu lilikuwa "siyo". Sisi hatukubali. Mtu anayetafuta ng'ombe wake usiku akijua kwamba hayumo katika bonde hili, hatalirudia. Atakwenda bonde jingine. "Siyo" iliyohakikishwa ni mali.

Nchini Indonesia nako mikarafuu hufa, na anayeitazama kwa mbali angedhani ni ugonjwa wetu. Huko uchunguzi ulionyesha kwamba muuaji mkubwa wa Sumatra na Java ni bakteria anayekaa ndani ya mishipa ya maji ya mti, akichukuliwa na wadudu wadogo wa jamii ya Hindola wanaofyonza utomvu. Bakteria huyo alipewa jina lake la kitaalamu mwaka 1990. Kwetu hilo lina mafunzo mawili. La kwanza, dawa iliyosifiwa huko si lazima ifae hapa. La pili, asithubutu mtu kuleta kwa siri mche au tawi la mkarafuu kutoka ng'ambo, hata kama ameambiwa unazaa mara mbili. Anaweza kutuletea ugonjwa tusioujua juu ya huu tulio nao.

RIPOTI ZA BIASHARA

Zipo pia ripoti za biashara, nazo zagusa shamba sawasawa na kuvu. Mwaka 1934 serikali ya Unguja ilitoa ripoti ya Bartlett na Last juu ya madeni ya wakulima. Mwaka huo huo zikapitishwa sheria juu ya ardhi na juu ya biashara ya karafuu, na Chama cha Wakulima wa Karafuu kilichoundwa na serikali mwaka 1927 kikapewa nguvu mpya. Serikali ya India nayo ikamtuma K. P. S. Menon aje atazame jinsi sheria hizo zinavyowagusa wafanyabiashara Wahindi, naye akaandika ripoti ya kuzipinga. Mambo yakazidi kuwa magumu, hata mwaka 1937 karafuu zetu zikasusiwa India, na mapatano hayakupatikana mpaka 1938.

Tazameni basi: visiwa vile vile, karafuu zile zile, na ripoti mbili zisizokubaliana. Kila ripoti huona kwa macho ya aliyeituma. Hii si sababu ya kuzitupa ripoti. Ni sababu ya kuuliza, kila tusomapo moja, nani ameilipia na nani hakuulizwa. Mara nyingi asiyeulizwa ni yule anayepanda juu ya mti.

Na lipo la Indonesia tena. Nchi hiyo hutumia karafuu nyingi sana katika sigara zake ziitwazo kretek, na kwa muda mrefu ilikuwa mnunuzi wetu mkubwa. Katika miaka ya 1970 serikali yake iliwahimiza wakulima wapande ili wajitosheleze, nao wakapanda kweli kweli. Mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka sita hadi minane hivi. Kwa hiyo mtu aliyehesabu miche ya Indonesia katika miaka ya 1970 aliweza kujua kwamba soko letu litabanwa katika miaka ya 1980, nalo likabanwa, na bei ikaanguka. Mche wa mwenzako wa leo ni bei yako ya kesho. Taarifa za namna hiyo zastahili kumfikia mkulima kabla hajaamua kupanda au kukata, si baada ya bei kuanguka.

LILILO JUU YETU

Twataka mambo mawili. La kwanza twaliomba kwa wakubwa: kila utafiti wa karafuu unaofanywa kwa fedha za umma, uwe wa Kizimbani au wa kwingineko, uletewe wakulima muhtasari wa Kiswahili, ukurasa mmoja au miwili, usomwe katika kila tawi la chama. Chama kiko tayari kuuchapa na kuusambaza. Hatuombi hisani, twaomba risiti ya kitu tulichokwisha kukilipia.

La pili ni letu wenyewe, wala halihitaji ruhusa ya mtu. Bwana Nutman na wenziwe walijifunza kwa kuhesabu, na kuhesabu sisi pia twaweza. Twamwomba kila mwanachama anunue daftari moja la shule. Aipe kila mikarafuu yake namba, na aandike yafuatayo: mti una umri gani kwa kadiri anavyojua, siku alipoona majani yanapukutika au yanageuka rangi, miti gani ya jirani imefuata, na baada ya muda gani, mahali gani amepanda mche mpya, na kama palikufa mti hapo zamani, tawi gani limevunjwa msimu huu, na kilo ngapi zilivunwa. Asiyejua kuandika anaye mjukuu anayesoma.

Tukiwa na madaftari hamsini, mtaalamu atakayekuja hatakuwa na haja ya kuanza upya kama mgeni gizani. Atatukuta tuna habari za miti kwa miaka, naye hataweza kuandika juu yetu bila sisi. Nasi tutajua wapi ugonjwa umefika na wapi haujafika, kabla ya majani kunyauka.

Mzee wetu aliondoka mkutanoni na tawi lake. Juzi tulimpitia nyumbani, tukamsomea haya yote kabla ya kuyapeleka kuchapwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akamwita mjukuu wake na kumtuma dukani akanunue daftari. Sisi hatukuwa na la kuongeza. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.