Wilaya ya Lowndes na Chui Wake Mweusi

Wasomaji wetu wengi wamepata kusikia habari za chama cha Chui Weusi kilichoanzishwa Oakland, California, mwaka 1966. Ni wachache wajuao kwamba chui yule hakuzaliwa mjini. Alitoka shamba, katika wilaya ya Lowndes, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani.

Wilaya hiyo iliundwa mwaka 1830, na makao yake makuu ni mji mdogo wa Hayneville. Kusini yake uko Fort Deposit, ulioanza mwaka 1813 kama boma la kuwekea akiba ya jeshi lililopigana na watu wa kabila la Creek, wenyeji wa nchi ile. Sehemu kubwa ya udongo wa Lowndes ni mweusi, mzito, wenye kunata, na pamba huupenda. Kwa ajili ya pamba hiyo waliletwa watumwa. Utumwa ulipokwisha mwaka 1865, wengi wao na watoto wao walibaki katika mashamba yale yale, wakilima kwa kugawana mavuno na bwana shamba, ambaye ndiye pia aliyeshika daftari la madeni.

Mwanzoni mwa mwaka 1965 watu weusi walikuwa kama wanne katika kila watu watano, wala hapakuwa na hata mmoja aliyeandikishwa kupiga kura. Upande wa wazungu, majina daftarini yalizidi idadi ya waliostahili. Yaonekana hata marehemu hawakunyimwa haki yao.

Mwezi Machi mwaka huo maandamano ya kutoka Selma kwenda Montgomery yalipita barabara namba 80, iliyokatiza wilaya hiyo. Yalipomalizika tarehe 25, Viola Liuzzo, mama wa watoto watano kutoka Detroit, aliuawa kwa risasi kwenye barabara hiyo hiyo. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ilitiwa sahihi tarehe 6 Agosti. Wiki mbili baadaye Jonathan Daniels, mwanafunzi wa ukasisi, alipigwa risasi nje ya duka moja la Hayneville akimkinga msichana mweusi wa miaka 17, Ruby Sales. Baraza la mahakama la wanaume weupe watupu lilimwachia muuaji huru.

Wenye mashamba nao hawakukawia kulipiza. Jamaa za waliojiandikisha zilifukuzwa katika vibanda vyao, na mwezi Desemba zikapiga mahema kando ya barabara. Usiku yalimiminiwa risasi. Hata hivyo zaidi ya miaka miwili ilipita kabla ya mahema yale kung'olewa.

Ndipo wananchi hao, wakisaidiwa na vijana wa Stokely Carmichael, walipounda chama chao wenyewe. Kwa kuwa wapiga kura wengi hawakujua kusoma, kila chama kilikuwa na picha yake. Chama cha Demokrasi cha Alabama kilikuwa na jogoo mweupe, na maneno ya kuutukuza uzungu juu yake. Wao walichagua chui mweusi. Wagombea wao wote walishindwa Novemba 1966, lakini mwaka 1970 John Hulett, mmoja wa waasisi, alichaguliwa kuwa sherifu, akashika kazi hiyo miaka 22.

Hatukubaliani na wasemao kwamba kura haikuleta kitu. Si jambo dogo mtu kutoiogopa tena gari ya polisi. Lakini sherifu hawezi kugeuza udongo. Ardhi ile iliyopendwa na pamba hainywi maji. Choo cha kufaa mahali hapo hugharimu maelfu ya dola, na wasio na fedha huyaacha maji machafu yatiririke nyuma ya nyumba. Utafiti uliotangazwa mwaka 2017 uliona dalili za safura kwa watu 19 kati ya 55 waliopimwa, katika nchi iliyo tajiri kuliko zote duniani! Mwaka 2023 serikali ya Marekani ilifanya mapatano na Alabama ili jambo hilo lirekebishwe. Aprili 2025 serikali hiyo hiyo iliyavunja.

Huko White Hall, karibu na palipokuwa mahema, sasa pana jumba la kumbukumbu lililofunguliwa mwaka 2006. Wageni hushuka garini, hutazama picha, kisha huendelea na safari kuelekea Selma au Montgomery.