TSB: data zilifika salama, lakini wateja wakabaki inje

Kufungua simu, kutafuta konti yako ya banki, na kukuta humo makuta ya mtu mwingine: ndivyo ilivyowafikia baadhi ya wateja wa TSB, banki ya Uingereza, kuanzia siku ya Mungu tarehe 22 Aprili 2018. Wengine, hadi milioni 1.9, hawakuweza hata kuingia. Mishahara na malipo ya nyumba vilikwama, na walaghai wakapata nafasi ya kuwapigia simu watu waliochanganyikiwa.

Banki hiyo ilikuwa imetoka kuhamisha daftari lake lote la wateja, toka programu ya zamani kwenda mpya.

Historia yake inaanzia Lloyds, banki kubwa iliyookolewa kwa feza za serikali wakati wa mgogoro wa 2008. Umoja wa Ulaya uliilazimisha kuuza sehemu ya matawi yake. TSB ikasimama kwa jina lake mwaka 2013, na mwaka 2015 ikanunuliwa na Sabadell ya Hispania. Lakini konti za wateja zilibaki ndani ya mashini za Lloyds, na TSB ikawa inalipa kama mpangaji. Sabadell ilitaka kuzihamishia kwenye programu yake, Proteo, iliyotengenezewa Uingereza kwa jina la Proteo4UK. Kazi ilipewa SABIS, kampuni ya Sabadell yenyewe, ambayo nayo ilitegemea makampuni mengine mengi.

Kuhama kulipangwa Novemba 2017, kukaahirishwa. Siku ya tano tarehe 20 Aprili 2018 huduma zilifungwa, na siku ya Mungu jioni zikafunguliwa upya kwa wateja milioni 5.2.

Wengi hawajui kwamba data zenyewe zilihama vizuri. Wasimamizi wa mabanki wa Uingereza wameliandika wazi. Kilichoanguka ni nyumba mpya. Huduma ilitakiwa kutembea juu ya vituo viwili vya mashini kwa wakati mmoja, lakini jaribio la kupima kama vitabeba umati wa wateja lilifanywa kwenye kimoja tu. Uchunguzi wa wanasheria wa Slaughter and May, uliotolewa Novemba 2019, ulionyesha pia kwamba banki ilichagua kuhamisha karibu kila kitu kwa mara moja, na kwamba halmashauri yake haikuuliza maswali ya kutosha.

Mfanyabiashara anayehamisha depo yake Butembo au Bukavu hafanyi hivyo. Anapeleka magunia machache kwanza, anaangalia kama paa linavuja, anaacha funguo za depo ya zamani mfukoni. Kwa konti za banki ni kazi ngumu zaidi, maana konti moja haiwezi kubadilika sehemu mbili kwa pamoja. Lakini kuhama kwa makundi kunawezekana. Kunachukua muda tu, na muda ndio TSB haikutaka kutoa.

Ililipa zaidi. Mkurugenzi mkuu, Paul Pester, aliondoka Septemba 2018. Hali ya kawaida ilirudi Desemba tu. Malalamiko yalifika 225,492, na wateja walilipwa fidia ya pauni milioni 32.7. Desemba 2022 wasimamizi waliongeza faini ya pauni milioni 48.65. Mwaka 2023 Carlos Abarca, aliyekuwa mkuu wa teknolojia, alitozwa pauni 81,620 yeye binafsi, kwa kutohakikisha kwamba SABIS iko tayari.

Kongo nayo inaona mabanki yakiungana: mwisho wa 2020 Equity na BCDC zilikuwa banki moja, Equity BCDC. Kila mara banki inapotangaza programu mpya, mteja ana haki ya kuuliza ilijaribiwa na watu wangapi, na kama kuna njia ya kurudi nyuma. Kuchukua karatasi ya releve kabla ya siku yenyewe si woga. Ndiyo shahidi pekee ambaye mashini haiwezi kumfuta.

Julai 2025, Sabadell ilikubali kuuza TSB kwa Santander, inayotaka kuiunganisha na banki yake ya Uingereza. Konti zilezile zina safari nyingine mbele.