Katika Sataranji Kula Si Lazima

Mella iko upande wa Tororo, si mbali na mpaka wa Malaba, ambako malori hujipanga foleni yakingoja kuvuka kati ya Kenya na Uganda. Katika sehemu hizo, kama ilivyo katika makambi na vituo vingi vya polisi vya Afrika Mashariki, mchezo wa ubaoni unaojulikana zaidi ni drafti: ubao uliochorwa kwa mkono, vizibo vya soda, na watazamaji wanaosema kuliko wachezaji wenyewe. Mtu aliyekulia katika drafti anapojifunza sataranji huja na akili iliyokwisha kunolewa. Lakini huja pia na desturi moja itakayomgharimu. Katika drafti, kete iliyo wazi haina budi kuliwa. Katika sataranji kula ni hiari, na mara nyingine ni kujitia kitanzi.

Anayeumia zaidi kwa desturi hiyo ni mwenye kete nyeusi. Yeye hucheza wa pili, na mwenye nyeupe ndiye mwenye nafasi ya kwanza ya kushambulia. Kila upande ukisha kucheza mara moja tu, hali zinazoweza kutokea ubaoni ni 400. Kuna mianzo mikali iliyochunguzwa kwa karne nyingi na kuandikwa katika vitabu vinene; siku hizi kompyuta nazo zimeongeza yake. Askari mwenye zamu ya usiku, au mama mwenye watoto wanne, hawezi kuyakariri hayo yote. Wala halazimiki.

Utazamwe mwanzo mmoja ambao kila anayeanza atakutana nao. Nyeupe humsogeza Askari hadi e4, nyeusi hujibu e5. Farasi wa nyeupe hutoka f3, wa nyeusi c6. Askofu wa nyeupe huja c4, na Farasi wa pili wa nyeusi f6. Ndipo Farasi wa nyeupe anaporuka hadi g5. Sasa yeye na Askofu wake wanailenga f7, nyumba inayolindwa na Mfalme peke yake. Nyeusi humziba Askofu kwa kumsogeza Askari d5, na nyeupe humla Askari huyo kwa Askari wake.

Hapo ndipo pa mtihani. Askari wa nyeupe amesimama d5, na Farasi mweusi wa f6 anaweza kumla. Mcheza drafti hula bila kufikiri. Nyeupe humtoa Farasi wake sadaka kwenye f7. Mfalme akisha kumla, Malkia hutokea f3 akimpa Mfalme shaha na kumtishia pia Farasi wa d5. Ili kumwokoa Farasi, Mfalme analazimika kutoka hadi e6, katikati ya uwanja, kete zake nyingi zingali zimelala nyumbani. Wapo mabingwa wanaoweza kujitetea hapo. Anayejifunza hufa.

Jibu lililo bora ni kumwacha Askari huyo na kumpeleka Farasi wa c6 hadi a5, akimtishia Askofu. Nyeusi atapungukiwa Askari mmoja, lakini kete zake zitatoka upesi na nyeupe ndiye atakayekuwa akikimbia huku na huko. Ni biashara ya haki.

Na asiyetaka mashaka hayo anayo njia nyingine. Badala ya kumtoa Farasi f6, amweke Askofu e7. Nyumba ya g5 italindwa, na Farasi wa nyeupe akiruka huko ataliwa bure. Watu wa mpakani wataiita njia ya panya, ila hii haina kosa mbele ya sheria. Ushuru wake upo: nyeupe atapata nafasi pana zaidi katikati, na nyeusi atabanwa kwa muda. Kubanwa ni afadhali kuliko kuburutwa.

Asidhani mtu kwamba tamaa ya kula ni ugonjwa wa wanafunzi tu. Mwaka 1972 mjini Reykjavik, Iceland, Bobby Fischer wa Marekani alipigania ubingwa wa dunia dhidi ya Boris Spassky wa Urusi ya Kisovyeti. Katika mchezo wa 7, Fischer akiwa na nyeusi alimpeleka Malkia wake kumla Askari wa b2, ambaye wachezaji humwita Askari mwenye sumu, kwa kuwa Malkia amlaye huenda asipate njia ya kurudi. Fischer alinusurika na mchezo ukaisha sare. Katika mchezo wa 11 alikula tena. Safari hii Spassky alibadili njia, na katika hatua ya 14 akamrudisha Farasi wake b1, nyumbani alikotoka. Hatua hiyo ilionekana kama ya mtu anayekimbia, kumbe mtego ulikuwa unafungwa. Malkia wa Fischer alinaswa, naye akakubali kushindwa.

Lililo muhimu ni alilofanya baadaye. Katika mchezo wa 15 Spassky alimletea mwanzo ule ule. Fischer hakula. Alimweka Askofu e7, akapata sare, na mwishowe akatwaa ubingwa kwa pointi 12½ kwa 8½.

Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, aliyefunzwa na Robert Katende, naye hakuanzia kwenye maktaba. Hata hivyo aliiwakilisha Uganda katika Olimpiki ya sataranji huko Khanty-Mansiysk, Urusi, mwaka 2010, na tena Istanbul mwaka 2012.

Kwa watoto wa Mella, zoezi la nyumbani ni rahisi. Mzazi aupange mwanzo ulioelezwa hapo juu mpaka Askari wa nyeupe afike d5, kisha amwambie mtoto aweke mikono mapajani. Kabla ya kugusa kete yoyote, ataje kwa sauti: nikila, adui atacheza nini? Na baada ya hapo? Asipoweza kujibu, asile. Mikono ibaki mapajani, maana katika mashindano kete iliyoguswa hairudi: haina budi kuchezwa.