Jarida la Wahitimu Huanzia Nyuma

Wengi wakipokea jarida la shule waliyosoma hawaanzi na jalada. Hulipindua wakaanzia nyuma, kwenye habari za kila mwaka wa kumaliza: nani kaoa, nani kastaafu, nani katangulia mbele ya haki. Hotuba ya mwenyekiti wa bodi, iliyopewa kurasa mbili za mbele pamoja na picha ya mtu mwenye tai, itasubiri. Msanifu anayeitwa kulifanya jarida upya angefanya vyema kuanzia hukohuko nyuma.

Wamarekani, wenye majarida ya wahitimu ya siku nyingi (la Yale lilianza 1891, la Princeton 1900), wanalijua hilo. Technology Review ya MIT ilizaliwa 1899 ikiwa jarida la wahitimu, na mwaka 1998 ikafumuliwa iwafae wasomaji wa teknolojia kwa jumla. Hata hivyo, nakala zinazokwenda kwa waliosoma MIT ziliendelea kubeba kurasa zao za habari za chuo na za wenzao.

Kwa Kiswahili kurasa hizo zina mtego wake. Habari fupifupi hupangwa safu tatu katika ukurasa wa A4, kila safu ikabaki na milimita 57 hivi. Hapo neno kama “hawakutukumbusha” linakula karibu nusu ya mstari. Msanifu akinyoosha kingo zote mbili, programu huyatawanya maneno yaliyobaki, na ukurasa ukatoboka mianya kama mkeka uliofumuka. Dawa ni kuuacha ukingo wa kulia ucheze, na kuizuia programu isikate maneno kwa kanuni za Kiingereza. Silabi za Kiswahili aghalabu huishia kwa irabu: ni ku-mbu-ka. “Kumb-uka” inachapishwa, kisha inachekwa.

Halafu picha. Wahitimu huzituma kwa simu, zikafika zimekwisha minywa njiani. Picha yenye pikseli 1,600 kwa urefu, ikichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi kama magazeti ya karatasi nzuri yanavyotaka, inatosha sentimita 13 na ushei, chini ya nusu ya urefu wa A4. Kuivuta ijaze ukurasa ni kumpaka mtu ukungu usoni.

Mchoro unaingia hapo, na si kwa sababu ya uhaba tu. Kuna mambo ambayo hakuna aliyewahi kuyapiga picha. Kengele, kwa mfano: rimu ya gari iliyoning’inizwa mwembeni, na kipande cha nondo kilichofichwa kwenye panda ya tawi ili wanafunzi wasikichezee. Mchoraji akipewa kichwa cha habari peke yake atachora kengele ya shaba ya kanisani. Akipewa makala nzima, pamoja na maelezo ya mtu aliyewahi kuipiga, atajua kwamba rimu ilibonyea upande mmoja na kwamba gome la mwembe lilichubuka pale mnyororo ulipopita. Mistari myeusi na rangi moja tu, ile ya sare ya shule, inatosha. Marinda ya sketi lakini yahesabiwe; likikosewa moja, barua zitamiminika.

Jarida linalobanwa kwa pini mgongoni huongezeka kurasa nne nne. Ukurasa mmoja wa tanzia ukizidi, zimezidi nne, na mhariri mwenye michoro kibindoni hahangaiki kuzijaza kwa matangazo ya benki.

Tanzia ndiko kalamu inakofanya kazi ambayo kamera haikuiweza. Marehemu mmoja ana picha ya studio, mwingine ana pasipoti iliyogongwa muhuri shavuni, wa tatu amekatwa kutoka kwenye picha ya harusi huku bega la mtu mwingine likionekana. Wakichorwa wote kwa mkono mmoja na unene mmoja wa mstari, kila uso sentimita tatu kwa nne, mkuu wa mkoa na fundi cherehani wa darasa lile lile wanakaa sawa.