Uzee, Kumbukumbu na Mawasiliano Ndani ya Ubongo

Mzee anayekumbuka barabara bei ya gunia la mahindi ya miaka arobaini iliyopita, lakini akasahau jina la mgeni aliyetambulishwa kwake asubuhi, si kioja. Aghalabu jamaa zake hudhani kwamba akili inamtoka. Sayansi ya ubongo ina maelezo mengine. Kumbukumbu ni kazi ya ushirikiano wa sehemu nyingi za ubongo, na uzee huzigusa sehemu hizo kwa viwango visivyo sawa.

Maana za maneno na stadi za mikono, kama vile kushona au kusuka mikeka, hustahimili miaka. Kinachodhoofika mapema ni kumbukumbu ya matukio mapya, pamoja na uwezo wa kushika mambo kadhaa akilini kwa wakati mmoja. Ili tukio jipya lihifadhiwe, hipokampasi, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo usawa wa masikio, hushirikiana na sehemu ya mbele, ambayo hupanga habari na kuzitafuta zinapohitajika.

Sehemu hizi huunganishwa na nyuzi ndefu za neva zilizovikwa mielini, ala ya mafuta inayoharakisha ishara za umeme. Kadiri umri unavyosonga, ala hiyo huchakaa na ishara huchelewa. Jina lililokataa kutoka mdomoni mbele ya wageni huweza kujileta lenyewe usiku.

Mwaka 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walichapisha uchunguzi wa watu 93 wenye umri wa kuanzia miaka 18 hadi 93, waliopigwa picha za MRI wakiwa wanafanya zoezi la akili. Kwa vijana, sehemu za mbele na za nyuma za ubongo zilipanda na kushuka pamoja katika utendaji. Kwa wazee wengi ulinganifu huo ulikuwa umelegea, na waliolegea zaidi walifanya vibaya zaidi katika majaribio ya kumbukumbu na wepesi wa kufikiri. Hali hiyo ilionekana hata kwa wazee wasio na amiloidi, protini inayorundikana katika ugonjwa wa Alzheimer.

Hata hivyo, si kila usahaulifu ni wa uzee. Kusahau mahali miwani ilipowekwa ni jambo la kawaida. Kupotea katika njia ya kila siku, kurudia swali lile lile mara nyingi kwa saa moja, au kushindwa kupika chakula kilichozoeleka ni dalili za maradhi. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013 ulikadiria kuwa asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na zaidi walikuwa na demensia. Anayeambiwa kuwa "amezeeka tu" hukosa uchunguzi, ilhali upungufu wa vitamini B12, maradhi ya tezi ya shingo, sonona na baadhi ya dawa huweza kuleta usahaulifu unaotibika.

Kinga nayo ipo. Mwaka 2024, kamisheni ya jarida la Lancet ilikadiria kuwa takriban asilimia 45 ya demensia inahusishwa na mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, yakiwemo shinikizo la damu, kisukari, uvutaji wa sigara, upweke na kupungua kwa usikivu. Mazoezi nayo yana faida: katika utafiti wa mwaka 2011 uliohusisha wazee 120, waliotembea kwa mwaka mzima waliongezeka ukubwa wa hipokampasi kwa takriban asilimia 2.

Familia inayompeleka mzee kliniki na iandike mambo matatu: usahaulifu ulianza lini, ni kazi gani za kila siku zimemshinda, na anatumia dawa zipi. Maelezo hayo humsaidia tabibu kutenganisha uzee na ugonjwa.