Usimsajili mtoto sataranji kama nilivyomsajili mpwa wangu

Ilikuwa tarehe mosi Septemba, ndiyo kwanza nimetoka msikitini kwa Sala ya Alfajiri, simu ikalia. Alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dadangu aliyeolewa bara, anayeishi Kitengela. Ana miaka 11. Kwa kawaida huniamkia vizuri, shikamoo mjomba, habari za Mombasa. Siku hiyo hakuniamkia. Alisema neno moja tu: "Mjomba, jina langu halipo."

Nilijua anazungumzia nini. Wiki mbili nyuma nilikuwa nimepanda treni hadi Syokimau, nikadandia matatu za Mlolongo na Athi River mpaka Kitengela, nimpeleke katika mashindano yake ya kwanza ya sataranji, au chesi kama wanavyoiita watoto wa shule. Alicheza michezo sita. Alishinda minne, akatoka sare mmoja, akafungwa mmoja. Alivishwa medali. Nami kwa furaha zangu nikamwambia kwamba mwezi ukianza ataliona jina lake katika orodha ya wachezaji wa dunia, na nambari yake pembeni. Akawaambia walimu, akawaambia wenzake wa madrasa. Usiku wa kuamkia tarehe mosi, dadangu aniambia, mtoto hakulala.

Jina halikuwako, na halingekuwako hata angeshinda michezo yote sita. Kosa lilikuwa langu. Naandika haya kwa sababu wazazi wengi wa Pwani wameanza kuniuliza habari za mashindano haya, na sitaki mtu mwingine apokee simu kama ile.

Nambari yenyewe ni nini

Shirikisho la sataranji duniani, FIDE, liliundwa Paris mwaka 1924. Tangu mwaka 1970 linatumia hesabu iliyobuniwa na Arpad Elo, profesa wa fizikia aliyeishi Marekani, kumpa kila mchezaji nambari ya kuonyesha kiwango chake. Nambari hiyo ndiyo iitwayo reitingi. Ukimshinda mtu, yako inapanda na yake inashuka. Ukimshinda aliyekuzidi sana unapanda zaidi, na akikufunga yeye hupotezi pakubwa. Orodha mpya hutoka kila tarehe mosi ya mwezi.

Kuna orodha tatu mbalimbali: ya michezo mirefu, ya michezo ya kasi, na ile ya dakika chache kabisa. Mchezo mrefu ni ule ambao kila mchezaji ana muda wa saa moja au zaidi. Mtoto anaweza kuwa na nambari katika orodha moja na asiwe nayo katika nyingine. Basi mtu akikwambia "mashindano haya yana reitingi," muulize: ya orodha gani?

Mtoto anaipataje? Masharti si mengi. Lazima acheze angalau michezo mitano na watu ambao tayari wana reitingi. Si lazima yote mitano iwe katika mashindano mamoja. Inaweza kukusanywa kidogo kidogo ndani ya miezi 26. Katika mashindano yake ya kwanza lazima apate walau nusu pointi, yaani sare moja. Na hesabu ikifanywa, jawabu lisiwe chini ya 1400, kwa sababu tangu Machi 2024 hicho ndicho kiwango cha chini kabisa kinachoandikwa.

Soma tena sharti la kwanza, maana hapo ndipo nilipoanguka. Mchezo kati ya watoto wawili ambao wote hawana reitingi hauhesabiwi. Mtoto anaweza kuwafunga wenzake mia moja wasio na nambari na akabaki bila nambari.

Kosa la kwanza: kundi

Mashindano mengi hugawanywa makundi. Kuna kundi la wazi, la watu wa umri wote, na kuna makundi ya watoto. Tangazo la Kitengela lilisema kwa herufi kubwa kwamba mashindano yanatambuliwa na FIDE. Chini, kwa herufi ndogo, lilisema ni kundi la wazi peke yake. Mimi nilisoma herufi kubwa. Halafu nikaona ada ya kundi la watoto ni nafuu, nikalipa kwa M-Pesa upesi upesi nikijiona mjanja.

Si kwamba kundi la watoto ni baya. Mtoto anayejifunza kwanza aanze huko, azoee saa na ukimya. Lakini ukiwa umemwahidi reitingi, fanya mambo mawili kabla ya kutuma pesa. La kwanza, mpigie mwandalizi umuulize waziwazi: "Kundi hili linahesabiwa? Na wangapi waliojiandikisha wana reitingi?" La pili, fungua tovuti ya reitingi ya FIDE, utafute orodha ya mashindano ya Kenya. Mashindano yanayohesabiwa husajiliwa huko kabla hayajaanza. Usipoyaona, uliza kwa nini.

Kosa la pili: jina

Hili ni letu sisi watu wa Pwani hasa. Mpwa wangu katika cheti cha kuzaliwa jina lake la kwanza limeandikwa kwa namna moja, shuleni kwa namna nyingine, na mimi katika fomu niliandika ninavyolitamka. Tunajijua. Mohamed, Muhammad na Mohammed kwetu ni mtu mmoja. Saleh na Swaleh vilevile. Kwa kompyuta hao ni watu mbalimbali. Tena fomu inataka jina la ukoo, na watoto wetu wengi wana jina lao, la baba na la babu, ukoo haukuandikwa popote.

Kila mchezaji hupewa nambari moja ya utambulisho ya FIDE, ambayo ni yake maisha yote. Haiombwi na mzazi moja kwa moja, huombwa kupitia shirikisho la nchi, ambalo kwetu ni Chess Kenya. Akisajiliwa leo kwa jina hili na mwakani kwa jina lile, anaweza kuishia na nambari mbili, michezo mitatu huku na miwili kule, na hakuna inayofika mitano. Dawa ni rahisi: toa cheti cha kuzaliwa, nakili herufi kwa herufi, amua ni jina lipi litasimama kama la ukoo, na usibadilishe tena. Tarehe ya kuzaliwa nayo isikosewe, kwani mashindano ya vijana hugawanywa kwa umri, chini ya miaka 8, 10, 12, na kuendelea hadi 18, na umri huangaliwa kufikia tarehe 1 Januari ya mwaka huo.

Siku yenyewe

Mfumo unaotumika mara nyingi hauwatoi wanaofungwa. Kila raundi unapangiwa mtu mwenye pointi zinazokaribiana na zako, mpaka raundi ziishe. Kwa hivyo mtoto akifungwa asubuhi, usifunge mizigo. Lakini jua kwamba raundi anayopewa pointi kwa sababu mpinzani hakufika, au kwa kukosa wa kucheza naye, haihesabiwi katika reitingi.

Mtoto aliyezoea kucheza barazani au kwenye simu ana mambo ya kufundishwa nyumbani kwanza. Akigusa kete yake kwa kusudi la kuichezesha, lazima aicheze. Saa hubonyezwa kwa mkono uleule uliosogeza kete. Katika mchezo mrefu lazima aandike kila hatua, yake na ya mwenzake. Akicheza hatua isiyoruhusiwa kisheria, mara ya kwanza mpinzani anaongezewa dakika mbili; mara ya pili amefungwa. Na simu ni marufuku. Ikigunduliwa mfukoni mwake mchezo unaendelea, amepoteza, hata kama ilikuwa imezimwa. Kaa nayo wewe, nje. Ndiyo, nje, mzazi hasimami nyuma ya mtoto akikohoa.

Akiwa na shida asinyanyuke kukutafuta. Asimamishe saa, ainue mkono, amwite mwamuzi. Mwambie mpwa au mwanao jambo hili mara tatu, kwani watoto wetu tumewalea wasibishane na wakubwa. Akiketi mbele ya mtu mzima aliyekosea, atanyamaza kwa adabu, na adabu hiyo itamgharimu mchezo.

Na sala je?

Nilipotaja safari hii barazani, mzee mmoja aliniuliza kama nampeleka mtoto katika halali au haramu. Swali ni la haki na ni la zamani. Mimi si shehe. Ninachojua ni kwamba wanazuoni wametofautiana. Madhehebu yetu ya Shafi, kwa kauli mashuhuri, yanaiona makuruhu, si haramu, maadamu hakuna kamari, hakuna matusi, na haimpotezei mtu sala. Wengine wameiharamisha, na mnamo Januari 2016 maneno ya Mufti Mkuu wa Saudia ya kuikataza yalienea duniani kote. Mwaka uliofuata, Desemba 2017, Riyadh ikaandaa mashindano ya dunia ya michezo ya kasi. Kwa hivyo muulize shehe wako, na umuulize pia kuhusu zawadi za pesa: ada za washiriki zikikusanywa kisha mshindi akapewa, si sawa na zawadi iliyotolewa na mfadhili.

Kuhusu wakati wa sala, usingoje adhana. Ratiba ikitoka, mwone mwandalizi mapema. Raundi ikianguka saa ya Ijumaa, mashindano mengi huruhusu mchezaji kuomba kupumzika raundi moja kwa nusu pointi, lakini lazima aombe kabla. Adhuhuri na Alasiri zina nafasi baina ya raundi ukiwa na udhu na mswala wako.

Kajiado

Desemba shule zilipofungwa nilirudi. Safari hii mashindano yalikuwa Kajiado mjini, makao makuu ya kaunti. Tulitoka Kitengela alfajiri kwa barabara ya Namanga, tukapita Isinya, upepo unapenya shati langu la Kimombasa. Nilikuwa nimelipa kundi la wazi, nimeliona limesajiliwa, nimenakili jina kutoka kwenye cheti.

Ndani ya matatu nilimwambia ukweli. Tangu Septemba nilikuwa nimemwambia eti mtandao ulichelewa, labda mwezi ujao, labda mwezi ule mwingine. Oktoba alitazama, Novemba alitazama. Kisha akaacha kutazama, na dadangu akaniambia ubao umewekwa juu ya kabati. Alidhani hakucheza vizuri vya kutosha. Nikamwambia: ulicheza vizuri, mimi ndiye nilisoma nusu ya tangazo. Akatazama dirishani mpaka Isinya ikapita. Kisha akasema, "Kumbe ni wewe." Hakusema zaidi.

Alicheza sita. Mmoja ulikuwa na kijana asiye na reitingi. Watano waliobaki walikuwa nazo: 1500, 1520, 1600, 1480 na 1650. Alishinda mmoja, akatoka sare mmoja, akafungwa mitatu. Hakuna medali. Jioni nilifanya hesabu juu ya karatasi, nanyi mwaweza kuifanya. Sheria ya 2024 inamwongezea mgeni sare mbili za kubuni na wapinzani wa 1800. Jumla ni wapinzani saba, wastani wao 1621, na pointi mbili na nusu kati ya saba. Jedwali la FIDE linatoa 102 kwa matokeo hayo. Inabaki 1519.

Tazama tofauti. Kitengela alishinda minne hakupata kitu. Kajiado alifungwa mitatu akapata nambari. Na kwa kuwa hajafika miaka 18, nambari yake itakwenda haraka: akimshinda aliye sawa naye atapanda 20, akifungwa atashuka 20. Basi msiifanye ndiyo thamani ya mtoto. Ni kumbukumbu tu ya michezo aliyocheza.

Ninachowaomba watu wa kwetu ni hiki. Mtoto wa Lamu au Kwale kufika mashindano ya Nairobi na Kajiado ni nauli, ni malazi, ni siku za kazi za mzazi. Familia nyingi zitaweza mara moja. Mara hiyo moja ikipotea kwa sababu ya kundi lisilohesabiwa au herufi moja ya jina, mtoto hatarudi, na atadhani ni akili yake iliyopungua. Walimu, someni tangazo mpaka mwisho. Wajomba, vivyo hivyo.

Tarehe mosi Januari simu ililia tena baada ya Alfajiri. "Shikamoo mjomba," akasema. Nikajua.