Takwimu Nayo Ina Sanadi Yake

Baada ya Swala ya Alasiri, mzee mmoja wa msikiti wetu alinijia ofisini akiwa na binti yake, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa chuo. Binti alikuwa ameshika ripoti ya utafiti wake kuhusu mavuno ya alizeti katika vijiji vya Wilaya ya Ikungi, naye alitakiwa kuitetea mbele ya walimu wake baada ya wiki mbili. Mzee aliniomba niipitie lugha tu, kwani kazi kubwa, alisema, ilikwisha kufanyika na kulipiwa.

Lugha ilikuwa safi. Nilipofika kwenye jedwali la nne nikamuuliza binti: “Wastani huu wa mavuno umeupataje?” Akainamisha uso. “Ustadh, sikuupata mimi. Nilimpelekea madodoso mtu wa duka la steshenari, akayaingiza kwenye SPSS, akanirudishia majedwali.” Baba yake, aliyeuza magunia yake ya alizeti ili alipe, hakusema neno.

Ninayaandika haya kwa idhini yao, kwa sababu si wao peke yao. Vijana wengi huenda vijijini kwa juhudi, wakahoji watu juani, kisha wakakabidhi matokeo kwa mtu asiyemjua hata mkulima mmoja. Chuo humfundisha kijana somo la takwimu, lakini yeye hulisoma kwa ajili ya mtihani. Programu huiona kama mashine ya kukobolea, unatia mahindi upande huu na kupokea upande ule.

Sisi tuliosoma elimu ya Hadithi tunajua kwamba wanavyuoni hawakupokea habari kwa uzuri wa maneno yake. Waliuliza: nani kasimulia, kaipokea kwa nani, na je, alikuwa mwaminifu na mwenye hifadhi? Tarakimu nayo ni habari. Anayeandika kwamba wakulima huvuna kiasi fulani anatoa ushahidi juu yao. Katika Suratul Israai, aya ya 36, Allah (s.w.) ametukataza kufuata tusilo na elimu nalo, na kutukumbusha kwamba masikio, macho na moyo vitaulizwa.

Tulifungua kompyuta mpakato ya binti, tukayatazama majibu safu kwa safu. Katika safu ya magunia tukakuta 99 zikijirudia. Mwenye duka alikuwa ametumia namba hiyo kama alama ya mkulima asiyejibu, lakini hakuiambia programu kwamba hiyo ni alama tu. Programu, kwa utiifu wake, ikazihesabu zote kuwa mavuno.

Msomaji aone uzito wa kosa hilo kwa mfano mdogo. Wakulima wanne wamevuna magunia 6, 8, 9 na 13. Jumla ni 36, na wastani ni 9. Mkulima wa tano hakujibu, akaandikiwa 99. Sasa jumla inakuwa 135, na wastani unaruka hadi 27. Watu masikini wamefanywa matajiri kwa kosa la alama moja. Anayepanga msaada wa mbegu akitegemea ripoti hiyo atasema kijiji hakihitaji kitu.

Kwa hiyo nilimshauri binti aanze na daftari kabla ya kompyuta. Achukue madodoso kumi, atafute kwa mkono wastani na thamani ya katikati, aulize kwa nini hivyo viwili vinatofautiana. Akishaelewa, ndipo programu imrahisishie wingi wa kazi. Wala si lazima kununua programu ghali au kutumia nakala ya wizi, ambayo ni kula haki ya mtu. Programu ya R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko New Zealand, hutolewa bure. PSPP, ambayo sura yake inakaribiana na SPSS, nayo ni ya bure.

Elimu hii si ngeni kwetu. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) aliagiza waandikwe waliotamka Uislamu, wakapatikana wanaume 1,500. Nchini mwetu, Sensa ya mwaka 2012 iliukuta Mkoa wa Singida na watu 1,370,637. Ile ya 2022, iliyokusanywa kwa vishikwambi, iliwakuta 2,008,058. Kwa tarakimu kama hizo hupangwa madarasa, zahanati na visima. Anayependa kuifanya elimu hii kuwa kazi yake, Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika kipo Dar es Salaam tangu mwaka 1961.

Wazazi, mtoto akileta ripoti nyumbani, msiishie kutazama jalada. Muulizeni mambo matatu: ulimhoji nani, wangapi hawakujibu, na hesabu hii ulifanyaje? Hamhitaji kuwa wasomi ili kutambua jibu la anayejua na la anayebabaisha.

Binti alimweleza msimamizi wake ukweli, akaongezewa muda, akaingiza madodoso yote upya kwa mkono wake, jioni baada ya jioni, mama yake akimsomea majibu naye akiandika. Wastani ulishuka, na hitimisho lake likabadilika: wakulima wale walikuwa na hali ngumu kuliko ilivyoandikwa mwanzo. Siku ya utetezi aliulizwa kuhusu jedwali la nne. Alilieleza bila kutazama karatasi, na alipoulizwa kuhusu wasiojibu, alivitaja hata vijiji vyao.

Allah (s.w.) awajaalie vijana wetu elimu yenye manufaa na uaminifu wa kuibeba. Amin.